Mshale Uliopanda Bila Sauti

Masikio yangu yalikufa kuanzia juu kwenda chini. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba kabisa, za nyenje na za kifuniko cha birika kinapotetemeka jikoni, kisha zikafuata zilizo chini yake, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe niliuchora kwa penseli kwenye karatasi ya grafu. Nilichora kwa mkono uliotulia, nikijiona fundi hodari. Nilidhani nachora ugonjwa wa mashine.

Nilikuwa fundi wa sinema ya serikali mjini Tabora, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Kanyenye, chumba kimoja kirefu nyuma ya maduka, dirisha moja, joto la kukausha nguo. Tulikuwa wawili tu, mimi na dereva, Msukuma kutoka Choma aliyekuwa na maneno mengi kuliko filamu zetu zote. Tulipakia mashine, turubai jeupe na jenereta kwenye gari, tukaenda kuwaonyesha wanavijiji namna ya kuchimba choo, kulima kwa mistari na kuchemsha maji ya kunywa. Njia tulizopita ndizo alizopita babu yangu kwa miguu, akiwa mpagazi wa misafara, mzigo begani, kwenda pwani na kurudi. Yeye alipoteza vidole viwili vya mguu njiani. Mimi nilipoteza masikio, tena nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Watu wengi hudhani sauti ya sinema inatoka kwenye sahani kama ya santuri. Hapana, sinema zetu zilitoa sauti kwenye mwanga. Pembeni mwa filamu kuna mstari mwembamba wenye mawimbi, mweusi kwa mweupe. Ndani ya mashine kuna taa ndogo inayoumulika mstari huo kupitia mwanya mwembamba kama unywele. Filamu inapokimbia, mstari unauzidisha mwanga na kuupunguza mara maelfu kwa sekunde moja, na upande wa pili kuna jicho la umeme linalopokea mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa sauti. Vumbi kidogo tu likiingia, au lensi ikisogea unene wa karatasi, sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Mtu kwenye turubai anasema, nawe unasikia mvumo wa maneno bila maneno yenyewe.

Ndiyo maana tulikuwa na filamu ya kipimo. Haina picha hata moja. Ni milio mitupu, kuanzia ule wa chini unaotikisa meza hadi ule wa juu, mizunguko elfu saba kwa sekunde, ambao ukiusikia unakunja uso bila kupenda. Kabla ya kila mlio kuna Mzungu anayetaja namba yake kwa Kiingereza, taratibu, kama karani anayeita majina. Mlio unapita, unatazama mshale wa mita ya kupimia sauti umepanda hadi wapi, unaweka nukta kwenye grafu. Mwisho unaunganisha nukta. Mstari ukilala sawa, mashine ni nzima. Ukiinama upande wa kulia, sauti nyembamba zinavuja, tafuta kosa. Kila mwanzo wa mwezi grafu mpya ilibandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la mashine, juu ya ile ya zamani. Fundi aliyenifundisha alinirithisha desturi hiyo, nami niliishika kama sala.

Mke wangu nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa kwenye maulidi, mtaa wa Ng'ambo, wanawake wako nyuma ya pazia, na sauti moja ikasimama juu ya nyingine zote, nyembamba, safi, haitetemeki. Nikamuuliza mzee niliyekaa naye mkekani ile ni sauti ya nani. Akanitazama, akasema, "Fundi, umekuja maulidi au umekuja kuposa?" Miezi minne baadaye nikaoa. Sikuwa na ukoo wa kujivunia wala sura ya kumsimamisha mtu njiani. Nilikuwa na masikio, na mke nilimpata kwa hayo. Alipokuwa akisoma kaswida peke yake uani, akipepeta mchele, niliacha chochote nilichokuwa nakifanya. Sikumwambia hivyo hata siku moja. Nilidhani anajua.

Kisha nikaanza kukohoa. Nilikohoa kiangazi kizima, nikalaumu vumbi la barabara, mpaka siku nilipotema damu kwenye leso mbele ya dereva. Hakusema neno, na kwa mtu kama yule ukimya ulinitisha kuliko damu yenyewe. Akageuza gari, akanipeleka kupimwa. Kifua kikuu. Nikaandikiwa vidonge na sindano, sindano moja kila asubuhi kwa siku tisini, kwa hiyo safari zetu zikawa za kurudi usiku ule ule.

Aliyekuwa akinichoma ni mama mmoja wa makamo, nesi, Mnyamwezi wa misheni, mpole lakini hapindishi maneno. Siku ya kwanza alinikalisha, akaniambia, "Mwanangu, dawa hii inaponya kifua, lakini kwa baadhi ya watu inakula masikio. Ikishakula, hakirudi kitu. Ukisikia mlio kichwani, ukiona unayumba, au sauti zimepungua, niambie siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Kuna dawa nyingine tutakupa." Nikamwambia, "Mama, masikio ndiyo kazi yangu. Yakiguswa, mimi ndiye nitakayejua wa kwanza." Nayakumbuka maneno yangu haya neno kwa neno.

Kila asubuhi baada ya hapo nilimwambia shikamoo, akajibu marahaba, akaniuliza neno moja tu: "Masikio?"

"Mazima, mama."

Na sikuwa namdanganya. Hilo ndilo linaloniuma. Mwongo angekuwa na nafuu, angejua anachokificha.

Mita yetu iliharibika wiki ile ile nilipoanza sindano. Nikaipakia kwenye treni kwenda Dar es Salaam kutengenezwa, na kwa jinsi vipuri vilivyokuwa adimu siku zile, nilijua itakaa huko. Mwanzo wa mwezi ulipofika, dereva akaniuliza kama tutaacha kipimo. Nikamcheka. Fundi wa kweli, nikamwambia, anapima kwa sikio. Nikaweka filamu ya kipimo, nikafumba macho, nikasikiliza mlio mmoja mmoja na kukadiria ukubwa wake, nikaweka nukta zangu. Mzungu akataja elfu saba. Nikangoja. Nikasikia mchakacho wa filamu ikipita na basi.

Sasa mtu mwenye akili zake angesema nini? Mimi nilisema taa ya sauti imechoka. Nikaibadilisha kwa ile moja tu ya akiba tuliyokuwa nayo. Nikarudia, kimya kile kile. Nikasafisha lensi kwa pamba na spiriti, nikaisogeza kwa bisibisi mbele na nyuma, nikairudisha ilipokuwa. Mwisho nikaandika pembeni mwa grafu, "Jicho la umeme linazeeka," nikaibandika kwenye kifuniko. Asubuhi iliyofuata nesi akauliza masikio. Mazima, mama.

Mwezi wa pili elfu tano nayo ikawa imeondoka. Mstari wangu uliinama kulia kama mgongo wa mzee. Kichwani kulikuwa na mlio mwembamba usiokatika, na huo nikausingizia jenereta, maana nilikaa kando yake kila usiku wa maonyesho. Nilikuwa nayumba kidogo nikishuka kwenye gari. Nikasema ni udhaifu wa kifua. Kwa kila dalili aliyonitajia yule mama nilikuwa na jibu tayari, na kila jibu lilikuwa la kifundi.

Mvua za kwanza zikanyesha. Jioni moja tumekaa uani, mke wangu akasema, "Nyenje wameanza."

"Nyenje gani?" nikamwambia. "Mwaka huu hakuna nyenje. Ukame umewaua."

Akauacha mwiko chunguni. "Baba, wanapiga kelele hadi sisikii ninachopika."

"Una mawazo mengi," nikamwambia. Alikuwa na wazo moja tu, na lilikuwa la kweli. Akanisihi nimwambie nesi. Nikampandishia sauti, nikamuuliza nani kati yetu ndiye fundi wa sauti. Akainama kupuliza mkaa. Na siku zile kaswida zake uani nilikuwa nazisikia kwa mbali, hazina makali, nikadhani amepunguza sauti kwa sababu nimemkasirikia.

Kwa kuwa mashine ilikuwa imekufa sauti nyembamba, mimi nikaamua kuifufua. Nikafungua amplifaya, nikatoa kapasita mbili, vipande vinavyochuja sauti, nikalehemu nyingine, nikapandisha zile sauti za juu kiasi ambacho hakuna mwenye akili angepandisha. Masikioni mwangu ikasikika vizuri, maneno yakarudi. Nikajisifu mbele ya dereva. Yeye akajikuna sikio, akasema, "Bwana, mbona inakwaruza?" Nikamwambia masikio ya Choma yamezoea kengele za ng'ombe.

Tukaenda na mashine hiyo kijiji kimoja kipya upande wa kwao. Kijiji chenyewe kilikuwa mistari ya vibanda ambavyo vingine havijaezekwa, na watu wake walikuwa wamehamishwa kabla ya mavuno. Walikaa chini, wametulia kwa utulivu wa watu waliochoka kuuliza. Filamu ilikuwa ya kuchemsha maji, maana kuhara kulikuwa kumeanza kuua watoto pale. Nikawasha. Watoto waliokaa mbele wakaziba masikio. Kina mama wakarudi nyuma, kisha nyuma zaidi, hadi nusu ya uwanja ikawa tupu. Mwenyekiti wa kijiji akanijia kwa adabu zote, akasema, "Ndugu fundi, sauti hii inatoboa. Maneno hatuyapati."

"Hamjazoea sinema," nikamjibu. "Mtazoea."

Hawakuzoea, waliondoka. Tulimaliza filamu tukiwaonyesha mbwa wawili na mwenyekiti, ambaye alibaki kwa heshima. Sijui ni wangapi pale walikuwa wanahitaji kusikia habari ya yale maji, na sitaki kujua.

Mita ilirudi kwa treni siku ya themanini na mbili ya sindano zangu. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu nesi alikuwa ameniambia asubuhi, "Zimebaki nane, mwanangu, umevumilia. Masikio?" Mazima, mama. Nikapitia stesheni, nikachukua sanduku la mita, nikaenda moja kwa moja karakana na furaha ya mtu anayekwenda kuthibitishiwa ujuzi wake.

Nikaunganisha mita. Nikaweka filamu ya kipimo. Milio ya chini ikapita sawa, nikaisikia, mshale ukapanda pale pale unapopaswa. Mzungu akataja elfu tatu. Nikasikia kwa mbali, lakini mshale ukaruka juu kuliko nilivyotegemea. Akataja elfu tano. Kimya. Na ndani ya kimya kile mshale ukapanda, ukapanda, ukagonga mwisho wa kioo na kukaa hapo ukitetemeka. Kisha elfu saba. Kimya tena, na mshale ukagonga tena.

Wallahi, hata hapo nilisema wameiharibu mita Dar es Salaam.

Nikamwita dereva, alikuwa nje anaosha gari. Nikarudisha filamu nyuma kidogo, nikamwambia asimame mbele ya spika. "Niambie unasikia nini," nikamwambia. Nikawasha elfu tano. Akaruka, akaziba masikio kwa mikono miwili yenye povu, mdomo wake ukafunguka. Nikaona anasema zima, zima bwana. Sikusikia mlio. Na yeye pia nilimsikia nusu, nusu nikaisoma mdomoni.

Nikazima. Nikakaa. Dereva akabaki amesimama, povu linamchirizika viwikoni, akinitazama. Nikafungua amplifaya, nikatoa kapasita zangu za kijinga, nikarudisha zile za mwanzo, nikapima upya kwa mita. Mstari ulilala sawa kutoka kushoto hadi kulia. Mashine haikuwa na kosa lolote. Haikuwahi kuwa nalo. Nikafungua kifuniko cha sanduku, nikazibandua zile grafu za miezi iliyopita, nikazipanga juu ya meza. Mwezi wa kwanza umeinama mwishoni. Mwezi wa pili umeinama zaidi. Ule wa tatu nilikuwa nimeuchora wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimepima masikio yangu kwa uangalifu ambao hospitali yoyote ingeuonea wivu, kwa tarehe na kwa sahihi, nikaandika pembeni, "Jicho la umeme linazeeka." Nililia pale pale, mbele ya dereva, na yeye akafunga mlango.

Kesho yake nesi alipouliza, nikaziweka grafu mezani kwake. Nilimweleza. Alizisoma moja moja, akarudia, akavua miwani. "Nilikuuliza kila siku," akasema. Hakusema kwa ukali. Ningependa angenifokea. Daktari akazifuta sindano nane zilizobaki, akanibadilishia dawa, akanipima kifua, akaandika kwenye karatasi kwa kuwa tayari nilikuwa namwomba arudie rudie: kifua kimepona. Nikamuuliza habari ya masikio. Akaandika kwamba yaliyopotea hayarudi, na kwamba huenda yakaendelea kupungua kwa muda hata bila dawa.

Yaliendelea. Kila mwanzo wa mwezi nilipima mashine kwa mita, kisha nikajipima mwenyewe kwa filamu ile ile, nikachora mistari miwili kwenye karatasi moja. Wa mashine ulilala. Wangu ulishuka. Elfu tatu ikaondoka, elfu mbili ikafifia. Najua sauti ya binadamu inakaa wapi kwenye grafu, ndiyo kazi niliyosomea, kwa hiyo nilijua ni mwezi gani sauti ya mke wangu itaanza kutoka nje ya mstari. Nilijua kabla yake. Sikumwambia. Nilimwambia, kinyume chake, kwamba mambo yametulia, na nikajifunza kumtazama mdomo. Ofisini kwa wakubwa nilijifanya mtu wa kuwaza sana, ili nisipoitika wasishangae. Nyumbani aliposoma kaswida nilitikisa kichwa kwa mwendo nilioukumbuka.

Siku moja, adhuhuri, akaja karakana na chakula cha mchana kwenye kikapu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Dereva alikuwa amekwenda kutafuta mafuta. Mke wangu akatazama mashine, akagusa mita, akauliza inafanyaje kazi. Nilifurahi, sikumbuki lini alikuwa ameuliza. Nikawasha amplifaya, nikamuunganishia maikrofoni tuliyotumia kutangazia vijijini, nikamwonyesha: ukisema, mshale unapanda, ukinyamaza, unalala. Akasema "bismillahi" karibu na maikrofoni, mshale ukaruka, akatabasamu.

"Haudanganyiki?" akaniuliza. Nilimsoma mdomoni.

"Haudanganyiki," nikamwambia.

"Basi nikusomee ile ya siku ya maulidi. Uniambie kama bado iko vile vile."

Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akavuta pumzi, nikaona kifua chake kikipanda, na kinywa kikafunguka. Naijua kaswida ile herufi kwa herufi. Nikamtazama midomo, nikamtazama macho, nikaisikia yote, nyembamba, safi, haitetemeki, nikafuata kila neno hadi mwisho, na machozi yakanilenga. Alipofunga kinywa nikamwambia, "Iko vile vile. Sauti yako haijabadilika hata kidogo."

Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia mita, na nikatambua kwamba alikuwa akiiangalia muda wote. Nikageuka. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Nikadhani waya umechomoka, nikanyoosha mkono kuuangalia, na yeye akaushika mkono wangu akauzuia. Akagonga maikrofoni kwa kucha, mara moja. Mshale ukaruka, ukalala.

Alikuwa amechezesha midomo tu. Hakutoa sauti.

Akazima amplifaya kama nilivyomwonyesha kuiwasha, akafungua kikapu, akanipakulia ubwabwa na maharage. Nilikula kidogo. Kisha tukafunga karakana, tukarudi Ng'ambo kwa miguu, amenishika kiwiko kwa sababu siku hizo nilikuwa nayumba.